Zamu za Hasan

Richmond Hill, Ontario
15 Septemba 2024

Baba mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta umeshiba na huna ugomvi na Mama. Sisi huku wazima. Presha ya Baba Mkubwa Madatali imeshuka. Mama Mkubwa Khairunissa bado anafundisha watoto Kurani msikitini kila Jumamosi. Wanamjibu kwa Kiingereza, naye anawarudishia kwa Kiswahili, na darasa linaendelea hivyo hivyo. Mimi nakaa chumba cha chini, kile chenye dirisha dogo linalotazama matairi ya gari.

Najua utauliza kwa nini natumia karatasi wakati simu zipo. Wewe kwenye simu husikii, Inara ndiye anakupigia kelele sikioni kila ninachosema. Huku nako simu inawekwa mezani sauti wazi, kila mtu achangie. Barua pepe zako pia anafungua Inara. Mdogo wangu nampenda, lakini mambo mengine sitaki yapite kwa watu wote hao.

Jambo lenyewe ni hili. Unakumbuka programu aliyoandika marehemu kaka Hasan kwa ajili ya kampuni ya baba yake, ile inayopanga mhudumu gani aende kwa mzee gani asubuhi. Lugha aliyoandikia inaitwa Python, na ina matoleo, kama vitabu vya mtaala shuleni. Hasan alitumia toleo la pili. Wenyewe waliolitengeneza waliliacha mwaka 2020. Likipata tundu la kupitia wezi, hawalizibi tena. Watu wamehamia toleo la tatu. Na hayo matoleo hayaelewani: ukichukua alichoandika Hasan ukalilisha toleo la tatu, kinakwama mwanzoni kabisa.

Sasa shirika linalotupatia wazee wa kuhudumia limetangaza kwamba ikifika mwisho wa Machi, kampuni inayotumia toleo lililoachwa haitapewa wazee tena. Nikamwambia Baba Mkubwa nitaihamisha, ni kazi ya miezi michache. Akasema, "Beta, mwanangu, inafanya kazi. So usiiguse." Akaendelea kula.

Tena kuna hili. Hasan aliiandika programu igawanye wazee sawasawa kwa wahudumu, na anayebaki, kwa kuwa hesabu haigawanyiki, aende kwake yeye mwenyewe. Alipenda kupita kwa bibi wa watu akanywe naye chai kabla ya ofisi. Huu mwaka wa tatu tangu afariki, na programu bado inaandika: Hasan, mtaa fulani, nyumba fulani. Nilipofika Baba Mkubwa alinipeleka kwenye kozi ya uhudumu, kisha akaniambia, palipoandikwa Hasan, nenda wewe. Basi nimekuwa naenda.

Nikiihamisha, mtu yeyote aliyesoma ataweza kuitunza, na mimi nitaweza kutoka. Chuo kimoja Halifax wameniita kwenye usaili wa kazi. Kibali changu cha kazi kina jina la kampuni ya Baba Mkubwa. Nikitoka kwake bila mwingine wa kuniombea kibali, sina kazi nchi nzima. Naomba uzungumze na kaka yako. Wewe anakusikiliza.

Nabusu mkono wako na wa Mama,
Zahraa


Singida
13 Oktoba 2024

Binti yangu Zahraa,

Wa alaykum salaam. Barua imefika, bahasha imechanika pembeni lakini maneno yote yamo. Huku tunamshukuru Mungu. Mama yako goti linamsumbua, na linampa sababu ya kuniagiza chai. Inara amefaulu mwaka wa kwanza, sasa akiongea utadhani vitabu ameviandika yeye. Alizeti mwaka huu imekubali, wenye mashine za kukamua wanagombania vipuri dukani kwangu. Wanavyonitukana sisikii, kwa hiyo nafanya biashara kwa raha.

Habari ya lugha na matoleo nimeirudia mpaka nadhani nimeelewa. Nina mteja mwenye mashine ya zamani, kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa, vipuri havipo tena. Namwambia anunue mpya, anasema hii alininunulia baba. Basi tunatafuta chuma chakavu, fundi anachonga, mashine inakamua. Mafuta yanatoka yale yale. Kwa hiyo kaka yangu simwoni amekosea sana.

Halafu mwanangu, Madatali alikuwa na mtoto mmoja tu, na amemzika. Kama anapata faraja kuona jina la mwanawe asubuhi, wewe unapungukiwa nini? Kunywa chai na bibi wa watu, upate thawabu.

Kuhusu Halifax, nimetazama kwenye ramani ya Inara. Ni mbali mno, na pana baridi ya baharini. Vaa soksi.

Nitaongea na kaka yangu nikipata nafasi. Wewe uwe mtiifu, na Mama Mkubwa wako usimwachie vyombo.

Baba yako,
Anverali


Richmond Hill
9 Novemba 2024

Baba mpenzi,

Salaam nyingi kwako, na goti la Mama nalo lisalimie. Mwambie Inara hongera, na kwamba mwaka wa pili ndio utamnyamazisha. Huku miti imebaki mifupa. Jumapili nzima tumekusanya majani uani, Baba Mkubwa ananifokea nisijaze mifuko kupita kiasi, Mama Mkubwa anatufokea wote wawili kutoka dirishani.

Nimesoma habari ya mashine ya mteja wako. Umeeleza mashine, umeeleza mafuta, fundi hukumweleza. Huyo anayechonga kipuri, Baba, anaruhusiwa kwenda kwao? Kama ni yeye peke yake anayeijua mashine hiyo, basi ameshafungwa nayo. Na huyo fundi ndiye mimi.

Kuna mama mmoja tunafanya naye kazi, Pulchérie, Mkongo wa Bukavu anayekaa Lawrence Heights. Juzi tulikutana mlangoni kwa bibi mmoja North York, yeye anatoka kumwogesha, mimi nafika. Akachungulia zamu kwenye simu yangu.

"Weye si Hasan," akasema. "Hasan alikufaka. Juu ya nini bado wanakuitaka Hasan? Kwetu jina ya mtu mwenye alikufa unaipatia mutoto mwenye anazaliwa. Hauipatie mutu muzima mwenye iko na yake."

Nilicheka, nikamuaga. Nilipoingia ndani bibi wa watu akaniuliza nalia nini.

Nimeanza kuihamisha programu kwa siri, kwenye kompyuta yangu. Siku ilipokubali kutembea kwa mara ya kwanza, ilimpangia Pulchérie wazee watatu na nusu. Katika toleo la pili, saba kwa wawili ni tatu, kinachobaki kinawekwa kando. Katika toleo la tatu ni tatu na nusu, hakiwekwi kando kitu. Hasan aliutegemea ule mgawanyo wa zamani, ndipo akapata mzee anayebaki wa kumwendea yeye mwenyewe. Nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu nikaona maana yake: nikirekebisha mstari huo, hakuna mzee anayebaki, kwa hiyo na Hasan hayupo.

Halifax wamenikubali. Naanza mwisho wa Mei, kibali watashughulikia wao. Hapa sijamwambia mtu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilikuwa nakunja nguo na Mama Mkubwa, nikamtania kwamba siku nikiolewa atamtafuta nani wa kumkunjia. Hakucheka. Akasema, "Wewe huendi mbali. Wewe tulipewa." Nikamuuliza nani aliyenitoa. Akasema, "Kamuulize baba yako."

Nakuuliza, Baba. Siku ya arobaini ya Hasan ulipompigia simu kaka yako, ulimwambia nini? Najua sisi tuna hayo: mwenye watoto humpa mmoja ndugu yake asiyenaye, mtoto anahama na sanduku lake, anajifunza kumwita mwingine mama. Lakini hao huwa watoto wadogo. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina digrii yangu, na nilipanda ndege nikidhani nimepata kazi. Ulinitoa?

Mwanao,
Zahraa


Singida
1 Desemba 2024

Binti yangu,

Salaam. Nilitegemea barua yako ya Novemba na sijaona kitu. Inara amesoma kwamba posta ya huko wamegoma, kwa hiyo naandika bila kungoja, barua hii ikwame itakapokwama. Sisi wazima. Mvua zimeanza vizuri. Mama yako amenunua kuku wawili wa kienyeji, na anawaita kwa majina ya shangazi zako.

Nina habari njema. Madatali alipiga simu Ijumaa baada ya sala. Inara alinipigia kelele mpaka majirani nao wakapata salamu. Anasema anakutoa kule chini, unapewa chumba cha juu, cha Hasan. Ameshakipaka rangi. Zahraa, chumba kile kimefungwa tangu msiba! Mtu hampi mgeni chumba kama kile. Nilifurahi nikawanunulia soda watu wote waliokuwa dukani, na mmoja wao ananidai mashine yake tangu Septemba.

Anasema pia mambo ya matoleo mtayamaliza wenyewe, nyumbani, taratibu. Nimeona basi hakuna haja ya mimi kuingilia.

Mama yako aliposikia habari ya chumba aliingia jikoni, hakutoka mpaka wali ukaungua. Sijui ana nini siku hizi, ni hilo goti.

Tulia hapo ulipo. Una bahati ya kupendwa na nyumba mbili.

Baba yako,
Anverali


Richmond Hill
12 Januari 2025

Baba,

Salaam. Mgomo umekwisha, barua yako ya Desemba imefika pamoja na matangazo ya Krismasi ya maduka yote ya mji. Yangu ya Novemba sijui iko kwenye gunia gani. Kama umeipata, unajua nilichouliza. Kama hujaipata, nauliza tena kwa ufupi: Baba, ulinitoa?

Kisomo cha mwaka cha Hasan kimepita salama, watu walikuja wengi, pilau lilitosha. Kuku wa Mama nao wasalimie.

Chumba cha juu nimehamia. Tuseme nimehamishwa: nilirudi kazini nikakuta kitanda changu kimetandikwa huko. Nguo za Hasan zimo kabatini, nusu ya kabati nimeachiwa mimi. Dirisha ni kubwa kweli, ila halifunguki, rangi imeligandisha. Wageni waliokuja kisomoni walipandishwa juu kunitazama nilivyokaa vizuri. Nilitabasamu nikajisikia kama friji mpya.

Baba Mkubwa ameniletea karatasi ya shirika. Kuna mahali mtu wa kompyuta anaandika programu iko toleo gani, kisha anatia sahihi. Anataka niandike la tatu, na sisi tubaki na la pili. Nikamwambia huo ni uongo, na kwamba wezi wakiingia, majina ya wazee wa watu na namba za kufungulia milango yao vitakuwa mikononi mwao. Akasema, "Nani atajua? Wewe na mimi." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Hasan angenitilia."

Baba, mtu akikwambia hivyo unamjibu nini? Nimekasirika, na namhurumia, na hasira haipungui kwa sababu ya huruma. Nikisema ndiyo, nimejifunga na hiyo programu mpaka nizeeke, maana hatuwezi kumwajiri mwingine aje auone uongo wetu. Nikisema hapana, ndimi ninayemuua mwanawe mara ya pili. Natembea humu ndani napima kila neno.

Jana baada ya alfajiri niliingia jikoni, Mama Mkubwa ameshika simu yake. Yeye ni mmiliki mwenza wa kampuni, kwa hiyo zamu zinamfikia na yeye kila asubuhi. Akanigeuzia kioo nione. Hasan, mtaa fulani, nyumba fulani.

"Mwanangu amekufa, na kila siku wanampangia zamu," akasema. "Baba yake akiona hivi anapata nguvu ya kutoka. Mimi namzika upya."

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kumwambia mumewe. Akasema amezoea. Akanimiminia chai, halafu akasema, "Mtoe, Zahraa. Wewe unajua namna. Mtoe humo." Nilipokuwa nakunywa akaongeza, "Lakini wewe ukae."

Nijibu, Baba. Usinijibu habari za mvua.

Zahraa


Singida
16 Februari 2025

Binti yangu,

Salaam. Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ya Novemba na ya Januari. Karani wa posta ameniuliza kama nimepata mchumba Kanada.

Nianze na ninayoweza kujibu. Fundi uliyemuuliza anaitwa Shakeel, karakana yake iko nyuma ya duka la Madina. Kwenda kwao anaruhusiwa. Lakini ni kweli, msimu wa alizeti hufuatwa hata akiwa msibani, na mwaka juzi mimi mwenyewe nilimfuata. Nilikuwa sijalifikiria.

Ile karatasi usitie sahihi. Hilo nalisema waziwazi. Majina ya watu na milango yao ni amana. Mwambie baba mkubwa wako kwamba nimesema mimi. Hapana, usimwambie ni mimi, ataudhika. Mwambie umesoma mahali.

Khairunissa mpe pole yangu. Sikujua kwamba zinamfikia na yeye.

Swali lako la tatu nimelisoma katika barua zote mbili. Ndugu yako akilia kwenye simu, na wakati ule mimi nilikuwa bado nasikia kidogo, unakaa unachagua maneno? Unasema litakalomnyamazisha. Tuishie hapo.

Mama yako aliuliza umeandika nini, nikasema unasalimia. Barua zako nimezitia mfuko wa koti, na koti nimekuwa nalivaa hata juani ili asilifue. Ananitazama sana.

Ramadhani inakaribia. Mtu mwenye njaa asiamue mambo makubwa. Fanya subira mpaka Muharram ipite, labda kaka yangu atakuwa amepoa, labda na Halifax nao watakuwa wamekungoja.

Baba yako


Richmond Hill
2 Aprili 2025

Baba mpenzi,

Idd Mubarak kwako, kwa Mama na kwa Inara. Tumesali salama, nyumba imejaa sambusa na watoto wa watu. Mama Mkubwa amenishonea nguo ya rangi ya zambarau ambayo nisingeichagua, na imenipendeza.

Muharram inaanza mwisho wa Juni, Baba. Kazi inaanza mwisho wa Mei. Kalenda iko ukutani kwako, juu ya mashine ya kutoboa risiti, kwa hiyo ulijua.

Karatasi ya shirika nimeitia sahihi, na nilichoandika ni kweli. Wiki ya mwisho ya Ramadhani nilizima toleo la pili nikawasha la tatu. Mzee anayebaki anapewa mhudumu anayekaa karibu naye, na mhudumu analipwa saa hiyo ya ziada. Pulchérie alinipigia akasema leo programu imeamka na akili. Asubuhi hiyo simu ya Mama Mkubwa haikuleta jina la Hasan. Alirudi kulala mpaka jua likawa juu, nikaogopa, nikaenda kumtazama anavyopumua. Alipoamka alinishika mkono akasema ahsante, halafu mkono hakuuachia.

Baba Mkubwa alipanda juu akasimama mlangoni, simu mkononi.

"Leo Hasan hajapangiwa mtu," akasema.

"Hajapangiwa, Baba Mkubwa. Wote wamegawanywa kwa wahudumu waliopo."

"Hata mmoja hakubaki?"

"Hata mmoja."

Akaingia, akakaa kitandani, akavua miwani. Aliifuta muda mrefu kwa pindo la shati. Akauliza kama inafanya kazi, nikasema inafanya. Akauliza kama ile ya mwanzo, nikasema vizuri zaidi. Akasema, "Sikuuliza hivyo." Nilitaka anipige kelele, ingekuwa rahisi. Badala yake alinipa hongera.

Nikaona hapo hapo nimalize. Nikamwambia Halifax, nikamwambia mwezi, nikamwambia kibali kimeshatoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kampuni nitapata mtu," akasema. "Umesharahisisha, kijana yeyote ataiendesha. Lakini, beta, wewe si wa kampuni. Wewe ni wa nyumba hii. Anverali alinipa siku ya arobaini, watu wamekaa na juzuu za Kurani mkononi, wamesikia kwenye simu. Aliyenipa ndiye atachukua. Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, nisikie."

Miezi yote hii nimehangaika na matoleo, Baba. Nilidhani nikilichagua lililo sahihi, mlango utafunguka. Nimelichagua, linafanya kazi, limewatosha wote, na mimi niko pale pale kwenye chumba cha mtu mwingine. Nimejibiwa mwishoni, lakini amenijibu kaka yako, si wewe. Usiku huo sikukulilia wewe. Nilikukasirikia, na bado nimekukasirikia, na nakuandikia nikiwa hivyo.

Naweza kuondoka bila ruhusa ya mtu. Sanduku ni langu na tiketi ni yangu. Ila nikienda hivyo nitakuwa nimetoroka, na mlango huu utafungwa nyuma yangu, na hawa ni watu wazima wawili walionilisha nikiwa mgonjwa. Sitaki kuwaacha mara ya pili na chumba kitupu cha mtu ambaye hakuwaaga.

Sikuombi unieleze ilikuwaje. Sikuombi hata radhi. Mpigie.

Mwanao,
Zahraa


Singida
27 Aprili 2025

Zahraa mwanangu,

Salaam. Sote wazima. Mama yako ameisoma barua yako, nimempa mwenyewe, zote nimempa. Hajaniagiza chai tangu siku hiyo.

Nilikaa nayo kwanza. Nilikwenda dukani, nikarudi, nikaenda tena. Leo baada ya adhuhuri Inara na mama yake walitoka kwenda kutazama mtoto mchanga wa jirani, sikuwafuata. Nikaipiga simu mimi mwenyewe. Sijawahi kufanya hivyo tangu masikio yaniharibikie. Sikusikia ikiita. Niliona tu sekunde zimeanza kutembea kwenye kioo, nikajua kuna mtu amepokea.

Nilisalimia. Nikasema, kaka, mimi Anverali, niko peke yangu, ukinijibu sitasikia, kwa hiyo niache nimalize. Nikasema, Zahraa si wako, wala si wangu. Mwache aende, na umuage kama mtu anavyomuaga mwanawe.

Kisha nikanyamaza ili naye aseme. Sekunde ziliendelea kutembea. Kwa hiyo alikuwa anasema, au alikuwa kimya, au analia, mimi sijui. Nilihamishia sikio la pili, nako hakuna kitu. Nilisimama hivyo hivyo, simu imenibana shavuni, mpaka kioo kikazima.

Ni kaka yangu mkubwa. Alinifundisha kuendesha baiskeli, na tangu utoto sijawahi kumnyang'anya kitu.

Nenda Halifax, mama. Wewe uko humo ndani, umesikia alichonijibu. Usiniandikie alisema nini.

Baba yako